Kinyozi Hajinyoi: Historia ya Mswada wa Riwaya ya Upelelezi Mikononi mwa Msomaji wa Kwanza

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya Fasihi, tunapoichukua riwaya na kuanza kuichambua, aghalabu huichukua kana kwamba ilizaliwa ikiwa na jalada lake. Husema, "mwandishi amefaulu kujenga taharuki" au "mwandishi ametumia mbinu rejeshi", tukampa mwandishi peke yake sifa zote au lawama zote. Ni nadra kuuliza kitabu hicho kilikuwaje kabla ya kuwa kitabu. Nani alikisoma kikiwa bado bunda la karatasi? Alisema nini? Na mwandishi alikubali lipi, akakataa lipi?

Makala haya yanajaribu kuyajibu maswali hayo kwa kuitazama aina moja tu ya utungo, nayo ni riwaya ya upelelezi. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, hii ndiyo riwaya inayomhitaji msomaji wa pili kuliko nyingine zote. Mtunzi wake anamjua muuaji tangu neno la kwanza. Hawezi tena kujifanya hamjui, na kwa hivyo hawezi kupima mwenyewe kama siri aliyoificha imefichika, au kama kidokezi alichokitupa kinaonekana. Kinyozi hajinyoi. Pili, ninajua kwamba miongoni mwetu walimu wa Kiswahili wako wengi wenye miswada iliyolala kabatini, na mingi ni ya visa vya uhalifu. Miswada hiyo ama haijasomwa na mtu yeyote, ama imesomwa na rafiki aliyesema "ni nzuri sana" na kunyamaza. Tukijua historia ya miswada iliyotutangulia, huenda tukajua la kuifanyia yetu.

Daktari wa Southsea na pauni 25

Tuanze Uingereza, kwa kuwa ndiko alikotoka mpelelezi ambaye kivuli chake kimeangukia hata riwaya zetu. Mnamo 1886 daktari kijana aliyeitwa Arthur Conan Doyle, mkazi wa Southsea katika mji wa Portsmouth, alimaliza mswada wa A Study in Scarlet. Ndani yake ndimo Sherlock Holmes anamotokea mara ya kwanza, pamoja na Dkt. Watson anayesimulia.

Doyle aliupeleka mswada kwanza kwa James Payn, mhariri wa jarida la Cornhill. Payn aliusifu, lakini hakuuchukua. Kwa maoni yake kisa kilikuwa kirefu mno kuchapishwa katika toleo moja la jarida, na kifupi mno kuwa kitabu. Tazama jibu hili kwa makini, kwa sababu waandishi wengi wa leo hulipata na hawalielewi. Payn hakusema kazi ni mbaya. Alisema haina pa kukaa. Kampuni ya Arrowsmith ya Bristol iliurudisha mswada bila kuusoma, nayo ya Fred Warne ikaukataa.

Hatimaye ulifika kwa Ward, Lock. Mhariri mkuu, G. T. Bettany, alimpa mkewe, Jeannie Gwynne Bettany, ambaye naye alikuwa mwandishi, ausome. Mama huyo aliupenda na kuupendekeza. Jina lake halimo katika maswali ya mitihani, lakini lau angeusukuma kando mswada ule, yamkini tusingekuwa na Holmes tunayemjua. Kampuni ilimwambia Doyle kwamba soko limejaa hadithi za bei nafuu, hivyo angojee mwaka mzima, na ilimpa pauni 25 kwa haki zote za kazi hiyo. Aliomba mrabaha, wakamkatalia. Akakubali shingo upande. Kisa kilitoka mwishoni mwa 1887 katika Beeton's Christmas Annual, na Doyle hakupata senti nyingine kutokana nacho.

Kuna jambo jingine la kuzingatia hapa kwa upande wa fani. A Study in Scarlet ina sehemu mbili. Katikati, pale ambapo muuaji amekwisha kukamatwa, masimulizi yanaiacha London ghafla na kurudi miaka mingi nyuma, hadi Utah nchini Marekani, kueleza chanzo cha kisasi. Wahakiki wamelilalamikia umbo hilo tangu zamani, kwa kuwa mbinu rejeshi imekuwa ndefu kiasi cha kuwa riwaya nyingine ndani ya riwaya. Kitabu kilitoka na umbo hilo hilo. Msomaji wa kwanza alifanya kazi moja, kazi ya bawabu: aliamua nani aingie. Kazi ya fundi, yaani kusema ubao upi umelegea, haionekani katika kitabu kilichochapishwa.

Jirani wa Torquay

Sasa tumtazame aliyesomwa na mafundi. Agatha Christie alizaliwa 1890 mjini Torquay, kusini magharibi mwa Uingereza. Akiwa msichana wa umri wa miaka kumi na minane hivi, kabla ya kufikiria upelelezi, aliandika riwaya aliyoiita Snow Upon the Desert. Mama yake alimshauri ampelekee jirani yao, Eden Phillpotts, ambaye alikuwa mwandishi mwenye jina.

Phillpotts aliisoma na kumjibu kwa urefu. Alimwambia ana kipawa cha mazungumzo, na kwamba mazungumzo ndiyo yaliyofaa kubeba kisa. Kisha akamwambia afyeke mahubiri yote. Awaache wahusika waseme na watende, asiingilie kati kumweleza msomaji lililo jema na lililo baya. Fauka ya hayo, alimtambulisha kwa wakala wake, Hughes Massie. Wakala alikaa na mswada kwa miezi kadhaa, kisha akaurudisha na kumshauri auache, aandike mwingine.

Mwalimu mwenzangu, nadhani wewe pia umeona kwamba shauri la Phillpotts lingefaa kubandikwa ukutani mwa kila chumba tunamosahihishia insha. Ugonjwa wa mahubiri ndio ugonjwa wetu. Tumelelewa kuamini kwamba fasihi hufunza, nasi tunamfundisha mtahiniwa kutafuta "mafunzo" kabla hajatafuta kisa. Matokeo ni kwamba anapoandika mwenyewe, muuaji hawezi kukamatwa bila mwandishi kutuhutubia kuhusu ubaya wa tamaa. Riwaya ya upelelezi haiwezi kustahimili hotuba kama hiyo, kwa sababu kila sentensi ndani yake ni kidokezi, kinga ya kidokezi, au upotevu wa wakati.

Sura ya mwisho iliyorudishwa

Mwaka 1916, vita vikiendelea, Christie alikuwa akifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali mjini kwao. Dada yake, Madge, alikuwa amemwambia kwamba hataweza kuandika kisa cha upelelezi. Akaandika The Mysterious Affair at Styles, na kwa kuwa mikono yake ilishinda kwenye chupa za dawa, aliua kwa sumu.

Hodder and Stoughton waliukataa mswada. Methuen nao wakaukataa. Akaupeleka kwa The Bodley Head, ukakaa huko muda mrefu hata akausahau. Mnamo 1919, baada ya kujifungua mtoto wake, aliitwa na John Lane, mwenye kampuni. Lane alikuwa tayari kuuchapisha, lakini kulikuwa na marekebisho, na kubwa zaidi lilihusu sura ya kuelekea mwisho.

Katika mswada wa awali, mpelelezi Hercule Poirot alikuwa akiifumbua siri akiwa kizimbani mwa mashahidi, mahakamani. Lane alimweleza kwamba mahakama haiendeshwi hivyo. Shahidi hapewi nafasi ya kusimama na kusimulia nadharia yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Akamuuliza kama angeweza kutafuta mtu wa kumsaidia upande wa sheria, au kulifikisha fumbo kwenye ufumbuzi kwa njia nyingine. Christie alichagua njia nyingine. Aliwaondoa wahusika mahakamani, akawakusanya sebuleni, akamwacha Poirot aeleze mbele ya wote, muuaji akiwa miongoni mwao.

Riwaya ilitoka Marekani mwishoni mwa 1920 na Uingereza mapema 1921. Sura ya awali ya mahakama ilibaki katika madaftari yake na kuchapishwa miaka mingi baada ya kifo chake, kwa hivyo leo mhakiki anaweza kuziweka sura zote mbili sambamba. Kilichotokea si kidogo. Mkutano wa sebuleni, ambapo washukiwa wote wameketi na mpelelezi anawazungukia mmoja mmoja, umekuwa alama ya riwaya ya upelelezi ya aina ya Christie. Watu wengi huuona kuwa ni ubunifu mtupu. Kumbe ulianza kama jibu la maoni ya mchapishaji.

Zingatia jinsi kazi ilivyogawanywa. Lane alisema palipouma na kwa nini. Hakumwandikia sura mpya, wala hakumwambia kitabu kizima hakifai. Naye Christie hakulia wala hakubisha kwamba "ndivyo nilivyoiona". Alitafuta dawa yake mwenyewe, na dawa hiyo ikawa bora kuliko kiungo kilichokatwa.

Lakini tusiwapambe wachapishaji kupita kiasi. Mkataba ambao Lane alimpa ulimfunga kwa vitabu vitano zaidi, na mrabaha wa asilimia 10 ulianza kuhesabiwa baada ya nakala 2,000 kuuzwa. Mapato yake kutokana na kitabu hicho cha kwanza yalikuwa pauni 25, fungu lake la haki za kukichapisha katika gazeti. Kiasi hicho ndicho alichopata Doyle zaidi ya miaka thelathini kabla yake! Msomaji wa kitaalamu aweza kukufaa katika sura ya mwisho na wakati huo huo akakuminya katika ukurasa wa mkataba. Ni lazima vyote viwili visomwe.

Aidha, kuna msomaji wa tatu wa kitabu hiki ambaye hatuna budi kumtaja. Jarida la wafamasia la Uingereza lilikisifu kwa usahihi wake kuhusu sumu. Christie alilithamini sana pongezi hilo, na tunaelewa kwa nini. Riwaya ya upelelezi huhukumiwa pia na watu wasiojali fasihi: mfamasia, askari, wakili, fundi wa kufuli.

Afrika Mashariki: wasomaji wa lugha

Tugeuke sasa nyumbani. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi 1930, ikizihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kusoma miswada na kuwapa waandishi maoni, ili vitabu vya shule vilingane na Kiswahili sanifu kilichosimikwa juu ya Kiunguja. Hapa ndipo mwandishi wa Kiswahili alipoanza kukutana na msomaji wa kitaalamu kwa utaratibu uliowekwa.

Lakini alikuwa msomaji wa aina gani? Katika miaka ya mwanzo wajumbe wa Kamati walikuwa Wazungu. Waliangalia tahajia, upatanisho wa kisarufi na msamiati. Haya yalikuwa na manufaa yake, na sisi tunaofundisha sarufi leo tumesimama juu ya kazi hiyo. Hata hivyo, mtu anayesoma mswada akitafuta tahajia hawezi kukuambia kwamba muuaji wako anajulikana mapema mno. Huyu hakuwa bawabu tu, wala hakuwa fundi. Alikuwa mlinzi wa lugha. Naona kwamba mazoea hayo yametukaa. Hata leo, mwalimu wa Kiswahili akipewa mswada wa mwenzake, kalamu nyekundu hukimbilia viambishi. Hurudisha karatasi zilizojaa alama, na kisa hakijaguswa.

Mnamo 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, makao yake yakiwa Nairobi. Shirika hili lilichapisha vitabu na pia kuendesha mashindano ya uandishi. Shindano nalo ni aina ya usomaji wa kitaalamu: waamuzi husoma, hulinganisha, hutoa hukumu. Katika shindano la hadithi za Kiswahili la 1957/58, tuzo ya kwanza ilikwenda kwa Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Mswada wake ulitoka kama kitabu 1960: Mzimu wa Watu wa Kale. Hapo ndipo Bwana Msa, mwenye kiko chake, alipoingia katika fasihi yetu.

Wahakiki wengi wamemlinganisha Bwana Msa na Holmes, na ulinganisho una msingi. Kuna kiko, kuna akili inayotangulia ya polisi, na kuna Najum, mwenzi anayeuliza maswali ambayo msomaji angependa kuyauliza. Lakini kinachopelelezwa ni cha Unguja. Mafumbo ya Abdulla hukaa katika nasaba, mirathi, siri za ndoa na imani za watu kuhusu mizimu. Lugha nayo ni ya mwenyeji anayejua utani, mafumbo na methali, na haikunyooshwa hadi ikakauka.

Kwa nini Abdulla alifaulu mapema hivyo? Siwezi kulijibu swali hilo kwa neno moja, lakini wasifu wake una jambo moja ambalo sisi wahakiki tumelipita haraka. Alizaliwa Makunduchi 1918. Alipomaliza masomo alifanya kazi katika idara ya afya kwa takriban miaka kumi, kisha 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika mwongo uliofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu, na mwaka 1958 akawa mhariri wa Mkulima hadi alipostaafu 1968. Kwa maneno mengine, mtu aliyeandika Mzimu wa Watu wa Kale alikuwa ameshinda miaka kumi akisoma na kukata maandishi ya wengine. Alikuwa kinyozi wa watu kabla hajakaa kwenye kiti. Mhariri wa gazeti hujua sentensi ipi inamchosha msomaji, kwa sababu nafasi ya gazeti haimruhusu kuivumilia.

Baada ya Bwana Msa

Njia ikawa imefunguka. Faraji Katalambulla alitupa Simu ya Kifo mnamo 1965. Abdulla mwenyewe aliendelea na Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na nyinginezo hadi Kosa la Bwana Msa (1984). Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), jasusi anayepigania ukombozi wa Afrika kwa bastola na kwa akili. Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango.

Wakati huo huo, mlango wa mhariri ulikuwa ukibadilika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na East African Literature Bureau haikuendelea kama shirika la nchi zote tatu. Hapa Kenya urithi wake ulichukuliwa na Kenya Literature Bureau, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1980. Nchini Tanzania uchumi ulidhoofika, karatasi ikawa adimu, na waandishi kadhaa wakaanza kujichapishia wenyewe. Mtobwa, kwa mfano, alianzisha kampuni yake ya Heko.

Tusiwadharau watu hawa. Walipofungiwa milango walijenga nyumba zao, na vijana wengi walijifunza kupenda kusoma kupitia vitabu vyao vidogo. Hata hivyo, mtu anapokuwa mtunzi, mchapishaji na mchuuzi wa kazi ile ile, kiti cha msomaji wa kwanza hubaki kitupu. Nani atamwambia kwamba mhusika aliyeuawa katika sura ya tatu amesalimiwa katika sura ya tisa? Wahakiki wa vyuoni waliziita kazi hizi "riwaya pendwa", wakimaanisha kwamba ni nyepesi. Maoni yangu ni kwamba baadhi ya wepesi huo haukuwa wa aina ya riwaya wala wa kipawa cha mtunzi. Ulikuwa alama ya mswada uliokwenda kiwandani bila fundi kuupigapiga. Tunapaswa kuuliza swali hilo kabla ya kutoa hukumu, na kulitofautisha na swali la thamani ya utanzu wenyewe.

Msomaji wa kitaalamu hutafuta nini?

Leo, ukiupeleka mswada kwa mchapishaji, kwa kawaida atauangalia mwenyewe kwanza, kisha akiona unafaa atampa msomaji wa nje, ambaye huandika ripoti: muhtasari wa kisa, ubora wake, udhaifu wake, wasomaji wanaolengwa, na pendekezo la kuukubali, kuurekebisha au kuukataa. Kwa mswada wa upelelezi, ripoti nzuri haina budi kugusa mambo yafuatayo.

Kwanza ni haki ya msomaji. Je, vidokezi vyote alivyotumia mpelelezi vilionyeshwa pia kwa msomaji kabla ya ufumbuzi? Mnamo 1929 padri na mwandishi Mwingereza Ronald Knox aliandika kanuni kumi za riwaya hii, na nyingi kati yake zinahusu haki hiyo. Msomaji hukubali kupumbazwa, hakubali kuibiwa.

Pili ni ratiba. Fundi huchora jedwali la siku na saa, akaweka kila mhusika mahali pake. Riwaya nyingi huanguka hapa. Mshukiwa aliyekuwa Voi saa nne asubuhi hawezi kumtilia mtu sumu Kisumu saa sita mchana.

Tatu ni ukweli wa utaratibu, na hapa tumkumbuke Lane. Mwandishi wa Kenya aliyelelewa na filamu za Marekani huweka jopo la wananchi kumi na wawili wanaoamua hatima ya mshtakiwa. Mahakama zetu hazina jopo hilo. Kesi ya mauaji husikizwa na jaji wa Mahakama Kuu, wala si hakimu. Zamani walikuwapo wazee wa baraza waliomshauri jaji, lakini waliondolewa 2007. Kwa hivyo kisa kinachotokea 1995 kinawahitaji, na kinachotokea 2015 hakiwataki. Kosa dogo la aina hii humfanya msomaji ashuku hata yaliyo kweli.

Nne ni sababu ya uhalifu. Tamaa peke yake haitoshi, kwa kuwa wenye tamaa ni wengi na wauaji ni wachache. Kwa nini huyu, kwa nini wakati huu?

Tano ni mahubiri, ambayo Phillpotts amekwisha kutuonya kuyahusu. Na sita ndiyo lugha: si tahajia tu, bali kama konkodi anazungumza kama konkodi, na inspekta kama inspekta.

Ukipokea ripoti ya namna hii, usiijibu siku hiyo hiyo. Tenganisha malalamiko na tiba. Msomaji akisema "hapa nimechoka", mwamini, maana anajua kama amechoka. Akisema "ongeza mapenzi hapa", una uhuru wa kufikiri, kwa maana tiba ni kazi yako. Na iwapo wasomaji wawili wasiojuana wamekwama katika ukurasa mmoja, ukurasa huo una kasoro hata kama unaupenda kuliko yote.

Mafunzo kwa darasa

Historia hii ina faida gani kwa mtahiniwa ambaye hataki kuwa mwandishi? Inamfundisha kusoma ploti kama kitu kilichojengwa, ambacho kingeweza kujengwa vingine. Mtahiniwa anayeandika "mwandishi ametumia mbinu rejeshi" ametaja tu. Anayeuliza, "lau kisa kingesimuliwa moja kwa moja, tungepoteza nini?", ameanza kuhakiki. Hilo ndilo swali la mhariri.

Nakupendekezea zoezi moja, mwalimu. Wape wanafunzi wa Kidato cha Tatu waandike kisa kifupi cha wizi uliotokea shuleni. Wabadilishane karatasi bila majina. Kila mmoja aandike ripoti ya nusu ukurasa, bila kusahihisha tahajia hata moja, akijibu maswali matatu tu: Ni wapi nilimjua mwizi? Ni wapi nilichoka? Ni lipi sikulisadiki? Kisha mwandishi aandike upya sehemu moja. Zoezi hili huwafunza kupokea maoni bila kununa na kuyatoa bila kukejeli. Tahajia itashughulikiwa katika kipindi kijacho.

Hitimisho

Tumewaona wasomaji wa aina tatu. Bawabu huamua mswada uingie au ubaki nje, kama ilivyokuwa kwa Doyle. Mlinzi wa lugha huhakikisha sentensi imenyooka, kama ilivyokuwa kwa Kamati. Fundi huuliza kama kisa kinasimama, kama walivyofanya Phillpotts na Lane. Kiswahili kimebahatika kuwa na walinzi wengi, na mabawabu hawakosekani. Mafundi ndio haba, na shule zetu zina watu waliosomea uhakiki wawezao kuwa mafundi hao. Mwenzako akikuletea mswada wake, usimpe sifa tupu wala usimrudishie bahari ya wino mwekundu. Mwambie ulipomjua muuaji, na kwa nini. Nawe ukiwa na wako kabatini, utoe. Mficha uchi hazai.

Maswali ya kujadili

1. "Mhakiki na mhariri hufanya kazi moja kwa nyakati tofauti." Jadili kauli hii ukirejelea historia ya riwaya ya upelelezi.
2. Fafanua tofauti kati ya mahubiri na maudhui katika riwaya uliyoisoma.
3. Chagua sura ya mwisho ya riwaya yoyote ya Kiswahili. Andika ripoti fupi kwa mwandishi, kana kwamba kitabu bado ni mswada.
4. Eleza jinsi mazingira ya uchapishaji yanavyoweza kuathiri fani ya kazi ya fasihi.